Umeweka tokeni kwenye API? Bado hujamaliza

Msomaji mmoja ameuliza: "API yangu sasa inatumia JWT. Je, iko salama?" API ni mlango ambao programu nyingine hutumia kuwasiliana na seva yako. JWT (JSON Web Token) ni tokeni, yaani kitambulisho chenye saini ambacho seva humpa mtumiaji aliyeingia, naye hukituma kwa kila ombi. Jibu linategemea unafanya nini tokeni inaporudi. Kuitoa ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Ugumu uko kwenye kuikagua, na wengi hapo hufumba macho.

Kwanza, JWT ya kawaida haifichi kitu. Ni sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta: kichwa, madai na saini. Mbili za mwanzo ni JSON iliyoandikwa kwa Base64url (njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida, si usimbaji wa siri), na yeyote aliyeipata huisoma bila ufunguo wowote. Saini huonyesha kama imechezewa, basi. Ndani weka namba ya mtumiaji, jukumu lake na muda. Nywila na taarifa za afya hazina kazi humo.

Ufunguo sasa. Kwa HS256, njia ya kusaini na kukagua kwa ufunguo mmoja wa siri, waraka wa viwango RFC 7518 unadai usiopungua biti 256, yaani baiti 32. Ukiandika "siri123", mdukuzi mwenye tokeni moja tu atabahatisha mamilioni ya maneno kwenye mashine yake mwenyewe, na seva yako haitaona dalili yoyote. Tumia `openssl rand -base64 32`, kisha uuweke kwenye vigezo vya mazingira. Kama uliwahi kuingia kwenye Git (mfumo unaotunza historia ya msimbo), kufuta faili hakusaidii kwa sababu historia bado inao. Badilisha ufunguo.

Halafu kuna `alg`, jina la algoriti ya saini. Imeandikwa kwenye kichwa cha tokeni, na tokeni inaletwa na mtu usiyemjua. Mwaka 2015 ilibainika kuwa maktaba kadhaa za JWT zilikubali `none`, yaani tokeni isiyo na saini kabisa. Nyingine zilidanganywa kwa kubadilisha RS256 (inayosaini kwa ufunguo wa siri na kukagua kwa wa hadharani) kuwa HS256, seva ikatumia ufunguo wa hadharani kana kwamba ni siri. Dawa ni kutaja algoriti mwenyewe:

`jwt.verify(tokeni, ufunguo, { algorithms: ['HS256'], issuer: mtoaji, audience: mlengwa })`

Hiyo ni maktaba ya jsonwebtoken ya Node. Angalia mtego: humo `jwt.decode` husoma tu bila kukagua saini, ilhali kwenye PyJWT ya Python `jwt.decode` ndiyo inayokagua. Anayehama kutoka Python huandika kwa mazoea, msimbo unafanya kazi vizuri kabisa, na kila tokeni ya kughushi inapita.

`exp`, dai la muda wa tokeni kuisha, huhesabiwa kwa sekunde. `Date.now()` ya JavaScript inatoa milisekunde. Ukisahau kugawanya kwa 1000, tokeni yako itaisha baada ya miaka zaidi ya 50,000. Hakuna kosa litakaloonekana popote, ndiyo maana hukaa muda mrefu. Saa za seva nazo hutofautiana kidogo, kwa hiyo ruhusu tofauti ya sekunde 30 hadi 60.

Muda gani basi? Tokeni ya kufikia huduma, dakika 5 hadi 15. JWT iliyokwisha kutoka huwezi kuibatilisha kabla ya muda wake bila kuweka orodha ya zilizofutwa, na ukiwa na orodha hiyo unaiuliza hifadhidata kila ombi. Ufupi wa muda ndio breki yako. Tokeni ya kuhuisha, inayotumika kuomba ile fupi mpya, inaweza kuishi siku 7 hadi 14, lakini hiyo isiwe JWT. Iwe baiti 32 za nasibu, na hifadhidata itunze heshi yake ya SHA-256 peke yake, yaani alama isiyoweza kugeuzwa kuwa tokeni tena. Itumike mara moja, itolewe mpya. Iliyokwisha tumika ikirudi tena, chukulia imeibwa na ufute zote zilizotokana na kuingia kule.

Hapo ndipo malalamiko huanza: "Natupwa nje ovyo!" Mara nyingi ni vichupo viwili vya kivinjari vilivyohuisha kwa wakati mmoja. Acha ombi moja lihuishe na mengine yasubiri, au vumilia tokeni ya zamani kwa sekunde chache.

Kwenye kivinjari, `localStorage` husomwa na skripti yoyote iliyojipenyeza kwenye ukurasa. Tokeni ya kuhuisha ikae kwenye kuki yenye `HttpOnly`, `Secure` na `SameSite=Strict`. Ile fupi ibaki kwenye kumbukumbu ya programu, itumwe kwa `Authorization: Bearer` juu ya HTTPS. Kamwe usiiweke kwenye URL, maana inaweza kuandikwa kwenye logi za seva inazopitia.

Na saini sahihi haimaanishi ruhusa. Mtumiaji halali akibadilisha `/ankara/1042` kuwa `/ankara/1043`, anaona ya nani? Udhaifu huu ni wa kwanza kwenye orodha ya hatari za API ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ya mwaka 2023, na tokeni peke yake haiutibu. Tafuta kwa `WHERE id = ? AND mtumiaji_id = ?`, na isipopatikana rudisha jibu la HTTP 404. Tokeni mbovu ni 401. Tokeni nzima bila mamlaka ni 403.

Kabla ya kupeleka hewani, piga `curl` (zana ya kutuma maombi) kwa kila njia: bila tokeni, kwa iliyoisha muda, kwa ya mtumiaji mwingine, na kwa iliyoharibiwa saini. Ukiiharibu, badilisha herufi ya katikati ya saini. Herufi ya mwisho ya saini ya HS256 ina biti mbili zisizotumika, hivyo kwenye baadhi ya maktaba unaweza kuibadilisha na tokeni bado ikapita, ukabaki kutafuta kosa ambalo halipo.