Maswali ya Wasomaji: Je, wazimu ndio unaoshika brashi?

Mwezi huu barua nyingi zimetufikia kuhusu wachoraji na maradhi ya akili. Tumechagua nne.

Mwalimu wetu alituambia kwamba Vincent van Gogh alichora "Usiku wa Nyota" akiwa amerukwa na akili, ndiyo maana anga yake inazunguka. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa uchoraji, Bagamoyo*

Si kweli, na tarehe zenyewe zinakataa. Van Gogh aliingia kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, tarehe 8 Mei 1889. Picha hiyo aliichora katikati ya Juni, akiwa ametulia. Ugonjwa ulimpiga katikati ya Julai, na kwa wiki kama sita hakuweza kufanya kazi. Ukamrudia karibu na Krismasi, ukamrudia Januari, kisha ule wa Februari 1890 ukamshika hadi Aprili. Chukua picha zake za mwaka huo, zinazokaribia 150, uzipange juu ya kalenda hiyo: karibu zote zinaangukia siku alizokuwa mzima. Zile chache alizochora katikati ya ugonjwa wa mwisho, kumbukumbu za kwao kaskazini, kwa macho yetu ndizo dhaifu kuliko zote za mwaka ule.

Sasa isogelee picha yenyewe. Dirisha la chumba chake, lenye nondo, lilitazama mashariki. Nyota kubwa nyeupe iliyo kuliani mwa ule mti mweusi ni Zuhura, na alfajiri za majira yale Zuhura ilikuwa ikiwaka upande huohuo. Kijiji hakikuonekana kutoka dirishani; amekiongeza mwenyewe, na nyumba zake amezichora kwa mistari mifupi iliyonyooka ili anga ipate kitu kilichotulia cha kuizungukia. Angalia pia kati ya mkupuo mmoja wa brashi na mwingine: mahali pengine kanvasi imeachwa wazi, kwa sababu kila mkupuo umewekwa mara moja na haukurudiwa. Rangi nzito ya mafuta ukiirudiarudia ikiwa mbichi inageuka tope. Mkono unaoweza kufanya hivyo ni mkono wenye mazoezi ya miaka kumi.

Madaktari waliomtibu, Félix Rey wa Arles na Théophile Peyron wa Saint-Rémy, waliuita ugonjwa wake kifafa. Tangu hapo ameshapewa majina mengi ya maradhi, lakini marehemu hapimwi. Ila barua zake zipo, zaidi ya 800, na ndani yake anahesabu tyubu za rangi, bei na vipimo vya kanvasi kama fundi yeyote.

Kuna picha za paka zinazozunguka WhatsApp. Wa kwanza ni paka wa kawaida, wa mwisho amekuwa nakshi tupu. Inasemekana zinaonyesha skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhalisia, ikimla mchoraji hatua kwa hatua.
*Msomaji, Morogoro*

Mchoraji ni Louis Wain, Mwingereza, na kweli alilazwa hospitali ya akili mwaka 1924. Lakini picha hizo hazina tarehe. Daktari Walter Maclay ndiye aliyezikuta dukani London mwaka 1939 na kuzipanga kwa mfuatano alioudhani yeye, kutoka paka mpole hadi paka wa nakshi. Mpangilio huo ukaingia kwenye vitabu vya saikolojia kana kwamba ni ushahidi. Wain aliendelea kuchora paka wa kawaida akiwa hospitalini, na nakshi hazikuwa ngeni kwake, kwani mama yake alikuwa mbunifu wa mazulia na vitambaa. Ukitumiwa tena picha hizo, muulize aliyekutumia: nani alizipanga, na kwa kigezo gani? Swali hilohilo linafaa kila unapoonyeshwa ugonjwa ndani ya picha.

Basi wachoraji huugua akili kuliko watu wengine?
*Msomaji, Kigoma*

Watafiti wa Uswidi walipekua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Watu wa kazi za ubunifu kwa jumla hawakuonekana kuugua kuliko wengine, isipokuwa kwa bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Waandishi ndio walioonekana kuelemewa zaidi. Ila ndugu wa damu wa wagonjwa wa bipola na skizofrenia, walio wazima wenyewe, walikuwa wengi kwenye kazi za ubunifu kuliko ilivyotarajiwa. Sisi tunalisoma hivi: huenda kipaji na ugonjwa vinatembea katika ukoo mmoja, lakini anayefaidi kipaji zaidi ni yule ambaye ugonjwa umempita.

Asalaam alaykum. Mdogo wangu ni mchoraji, ana bipola na anatumia dawa yake, lithiamu. Anataka kuacha: mikono inatetemeka, na anasema rangi zimekufa machoni mwake. Nimwambie nini?
*Dada yake, Mombasa*

Waalaykum salaam, dada. Kwanza kabisa, asiache ghafla. Anayeikata lithiamu kwa siku moja hurudiwa na ugonjwa upesi, na hatari ya kujiua huongezeka. Daktari akikubali aiache, dozi hupunguzwa kidogokidogo kwa wiki zisizopungua nne, na miezi mitatu ni bora.

Mtetemo mwembamba wa vidole ni wa kawaida na una njia zake. Apimwe damu saa kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho: akimeza saa tatu usiku, damu itolewe saa tatu asubuhi kabla hajameza kingine. Wengi hulengwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Kiwango kikiwa juu, dozi kupunguzwa kidogo huweza kuurudisha mkono. Daktari anaweza pia kumwongezea propranololi, dawa ya kutuliza mtetemo, mradi hana pumu. Kahawa nyingi huzidisha mtetemo, lakini asiikate kwa mara moja, maana lithiamu hupanda kwenye damu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo huipandisha. Kichwa kikiuma atumie parasetamoli. Joto la Mombasa na jasho lake vinataka maji ya kutosha na chumvi isiyobadilikabadilika, na Ramadhani asifunge kabla ya kuonana na daktari wake. Figo na tezi ya shingoni zipimwe kila miezi sita.

Akiwa kazini, atengeneze fimbo ya kuegemezea mkono: ufito wa urefu wa mita moja, ncha moja ifungwe kitambaa kama ngumi. Ncha hiyo aiegemeze ukingoni mwa kanvasi, fimbo aishike kwa mkono wa kushoto, kifundo cha mkono wa kulia kilale juu yake.

Kuhusu rangi kufa, hilo amwambie daktari kwa maneno hayohayo, kwa sababu laweza kuwa dawa na laweza kuwa sonona inayohitaji tiba yake. Mwaka 1979 daktari Mdenmarki Mogens Schou aliwauliza wasanii 24 waliotumia lithiamu: 12 walisema kazi imeongezeka, 6 haikubadilika, 6 imepungua. Kwa hiyo malalamiko ya mdogo wako yasipuuzwe. Mchoraji Mnorwe Edvard Munch naye aliogopa kwamba akipona sanaa itakufa. Mwaka 1908 alilazwa Copenhagen kwa miezi kama minane. Alipotoka alichora "Jua" kwa ajili ya ukumbi wa chuo kikuu cha Oslo, akaishi hadi miaka 80.

Mtetemo ukiwa mkubwa, akatapika, akaharisha, akayumba au ulimi ukawa mzito, msingoje asubuhi: lithiamu imezidi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Na ugonjwa ukimpanda, ondoeni studio tapentaini na tyubu zenye madini ya risasi. Van Gogh alimeza rangi zake, Peyron akalazimika kumnyang'anya. Lakini penseli na karatasi mwachieni.