Nilichojutia Japani mwaka 2017, na nilichorudi kukinunua mwaka 2024

Juzi usiku niliamkia ujumbe wa msomaji mmoja wa Arusha. "Shikamoo dada. Mwezi wa kumi nakwenda Japani siku kumi, mara yangu ya kwanza, nimejichanga miaka mitatu. Nikanunue nini ambacho nikirudi sitajuta?"

Marahaba mdogo wangu. Usingizi ulinikatika pale pale, maana hilo neno "kujuta" nalijua vizuri kuliko unavyodhani.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, arobaini, naitwa. Mwaka 2017 mdogo wangu wa kiume alikuwa anasoma Tsukuba akanialika nikamtembelee wiki mbili. Kila mtu aliyejua nakwenda alisema jambo moja: usirudi bila rice cooker, Wajapani ndio wenye wali wao. Nami nikakubali, kwa sababu nilikuwa na ndoto ya kupika wali wa nazi usioungua chini hata nikigeuka kushughulikia biriani.

Nikaenda Akihabara, mtaa wa vyombo vya umeme jijini Tokyo. Nikachagua moja jeupe, zito, kifuniko kinafunguka taratibu chenyewe. Yen 32,000. Siku hizo dola moja ilikuwa kama yen 110, kwa hiyo kwa hela yetu ni zaidi ya laki sita. Muuzaji, kijana mpole, aliligeuza lile jiko akanionyesha kibandiko cha chini, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja na kuniuliza kitu. Sikumwelewa. Nikadhani ananieleza lilipotengenezwa, nikaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Nikalibeba mkononi safari nzima kupitia Addis Ababa, nimelipakata kama mtoto.

Nyumbani Tanga walikuwepo Mama, wifi yangu na majirani watatu. Mchele ulishaoshwa, tui limeshakamuliwa. Nikachomeka kwa adapta niliyonunua uwanja wa ndege. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka, ukasikika mlio mfupi, halafu harufu ya plastiki inayoungua ikajaa jikoni. Wifi akasema mbele ya watu wote: "Laki sita za moshi." Wakacheka. Nikawasha mkaa, nikapika wali ule machozi yananitoka, na si kwa sababu ya moshi wa mkaa. Mpaka leo kwenye shughuli za familia maneno yale hurudiwa. Sijayasahau, na sioni kwa nini nijifanye nimeyasahau.

Kile kibandiko kiliandikwa "AC 100V". Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Waya wa joto uliotengenezwa kwa volti 100 ukiupa 230 unavuta nguvu zaidi ya mara tano ya ile uliyoundiwa, ndiyo maana haukumaliza hata dakika. Na adapta haibadilishi umeme, inabadilisha miguu ya plagi tu. Kwa hiyo mdogo wangu, chochote chenye kupasha joto (jiko la wali, birika, pasi, mashine ya nywele) kigeuze kwanza usome chini. Ukiona 100V peke yake, kirudishe mahali pake. Ukiona 100-240V, kama chaja nyingi za simu na kamera, chukua. Maduka makubwa ya Akihabara yana sehemu ya vyombo vya wageni vya volti 220 mpaka 240. Uliza huko.

Miaka saba nilikaa na lile donge. Nilicheza upatu na wapishi wenzangu, na zamu yangu ilipofika nikaenda tena, Juni 2024. Yen ilikuwa imeshuka sana, dola moja ilipata karibu yen 160, na mimi nilikuwa nimejiapiza jambo moja: nitanunua kitu ambacho mkono wangu utakishika kila siku na ambacho hakina waya.

Nilishuka kituo cha Tawaramachi, reli ya Ginza, Tokyo huko huko, nikatembea dakika chache hadi Kappabashi. Utaujua huo mtaa kwa kichwa kikubwa cha mpishi mwenye kofia nyeupe kilichokaa juu ya jengo la kona. Kuanzia hapo ni kama mita 800 za vyombo vya jikoni, duka kwa duka, pande zote mbili: sufuria, mabakuli, miko, vichujio, hata sahani za vyakula vya plastiki vya kuweka dirishani. Wenye migahawa ndio wanaonunua hapo. Nilisimama kwenye kona ile nikajisikia nimefika kwetu. Huwezi kumweleza hisia hiyo mtu asiyepika.

Duka niliyoingia ilikuwa nyembamba, visu vimepangwa ukutani. Mzee aliyekuwa nyuma ya meza hakujua Kiingereza na mimi sijui Kijapani, lakini alinitazama mikono kwanza. Akachukua gazeti, akalishika kwa vidole viwili likining'inia, akapitisha kisu juu chini bila kukandamiza. Kipande kikaanguka bila sauti. Akanipa na mimi nijaribu.

Nilichukua aina ya nakiri, kisu cha mboga, ubapa wake wa mstatili na makali yaliyonyooka. Kwa kachumbari na kisamvu hakuna kama hicho. Kama unataka kimoja cha kazi zote, chukua santoku, maana yake "fadhila tatu": nyama, samaki na mboga. Usikubali ushawishi wa chuma kinachoshika kutu, hata wakikuambia ndicho kikali zaidi. Ni kweli kinashika makali, lakini kwa hewa yetu ya Pwani, na ndimu zetu, kitaota kutu kabla ya Ijumaa. Chukua cha chuma kisichoshika kutu, na jiwe la kunolea la namba 1000 (namba ni ya ulaini wa chembe zake). Na usikatie mfupa wala samaki wa barafu, wala usikwangulie nazi. Chuma chao ni kigumu, kinamegeka.

Kililipiwa yen 12,000, kama shilingi laki mbili. Kabla ya kukifunga mzee aliniuliza jina kwa kuonyesha kalamu. Nikaandika jina la Mama. Akainama na tindo ndogo, tik tik tik, akachonga herufi za Kijapani ubavuni, akapuliza vumbi la chuma, akanipa kwa mikono miwili. Nililia dukani. Kisu hicho Mama anacho mpaka leo, kitunguu anakikata chembamba unaona mwanga upande wa pili, na hamruhusu mtu kukigusa. Changu nilirudi kununua kesho yake. Na wifi? Alikiomba kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nikamwambia kinakaa kwangu.

Kumbuka visu vinakaa kwenye begi la kupakia, si la mkononi. Watakunyang'anya.

Kitu cha pili ni tenugui. Ni kitambaa cha pamba, kama sentimita 90 kwa 35, kimepigwa chapa za mawimbi, samaki, maua. Pindo zake hazishonwi, zinaachwa zimekatwa, ndiyo maana kinakauka upesi na uchafu haujifichi. Mara za kwanza kukifua kitatoa nyuzi. Punguza kwa mkasi, usivute. Nilinunua ishirini, havikujaza hata kona ya begi, na kila shangazi na kila mfanyakazi wangu alipata chake. Nilipovikunjua, Mama alivipeleka puani kisha akaenda kufungua sanduku la marehemu Bibi. Akatoa kanga ya zamani, pembeni imeandikwa imetengenezwa Japani. Ndivyo ilivyokuwa: miaka ya 1950 na 1960 kanga nyingi zilizovaliwa Pwani zilichapwa huko huko. Na vile vitambaa vyao vya kufungia mizigo, furoshiki, ukiona wanavyovifunga fundo utasema ni Bibi yako anafunga mchele kwenye kanga. Kwa hiyo nikikuambia nunua vitambaa, usione nakuambia nunua vitu vidogo.

Maduka ya yen 100 (kwa kweli 110, kodi ikiingia) nenda, lakini nenda na orodha. Vimenyeo vya karoti na vikunio vya tangawizi ni vizuri sana.

Kalamu zao nzuri, ila ile ya wino unaofutika angalia. Wino wake hupotea kwa joto la kama nyuzi 60. Niliandikia daftari la oda za Mfungo Sita, nikaliacha kwenye dashibodi Kariakoo, mchana nikakuta kurasa nyeupe. Mdogo wangu aliniambia niliweke kwenye friza. Asubuhi maandishi yalirudi, yamefifia lakini yanasomeka. Oda zikaokoka. Usiandikie hesabu za watu.

Vyakula vya zawadi, vile visanduku vizuri vya keki na pipi, kwa sisi Waislamu vinahitaji macho. Mafuta, jelatini na pombe ya kupikia vimo mahali usipotegemea. Jifunze herufi moja tu, 豚, ni nguruwe. Ipige picha kwenye simu uilinganishe na orodha ya viungo, na ukiona jelatini isiyotajwa imetokana na nini, acha. Mimi hununua majani ya chai ya hojicha, yaliyokaangwa, yanakubaliana na tangawizi yetu.

Kodi yao ni asilimia 10, vyakula 8, na mgeni akinunua kuanzia yen 5,000 bila kodi kwenye duka lenye kibali husamehewa. Tembea na pasipoti yenyewe. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utalipa bei kamili dukani kisha urudishiwe ukiondoka nchini, kwa hiyo anayesafiri baada ya hapo afike uwanjani mapema.

Jambo la mwisho, la jina. Andika majina ya watu wako kwenye karatasi kabla ya kwenda Kappabashi, herufi kubwa, polepole, na umsomee fundi kwa sauti. Kijapani hakina L. La Mama lina L, na mzee alinirudishia mara tatu kwa R mpaka sote wawili tukacheka, kisha akalichonga hivyo hivyo.