Ukuta wenye foamu unanuka uvundo: usipake rangi kwanza

Pole sana ndugu. Umesema ulibandika foamu ndani ya chumba cha kulala huko Kabale sababu ya baridi, ukaifunika na polithini halafu plaiwudi, sasa mvua za Machi zimeanza harufu ya uvundo imejaa na unataka kupaka rangi ya kuzuia maji. Nakuomba usipake. Mimi nilipaka, niko huku huku Kigezi, eneo hilo hilo la Kabale, Uganda, wiki chache tu rangi ikavimba malengelenge, ukibonyeza na kidole maji yanatoka.

Foamu ikikaa kwa ndani joto la chumba halifiki tena kwenye tofali, tofali linabaki baridi zaidi ya zamani, na mvuke wa kuchemsha maharage, wa nguo mnazoanika ndani, hata pumzi za watu wanne wamelala madirisha yamefungwa, ukipenya kwenye viungio unagusa lile tofali unageuka maji. Hiyo polithini ni mambo ya Kanada, kule wanaiweka ndani kwa sababu baridi ya nje ni kali miezi mingi. Kwetu tofali la kuchoma linanyonya mvua, jua likiwaka linasukuma unyevu uingie ndani, unakuta polithini, basi umekwama hapo.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Bandua foamu sehemu moja, futa ukuta ukauke juu juu, bandika polithini ya saizi ya daftari kwa selotepu pande zote nne, acha siku mbili. Matone yakiwa nyuma yanatoka ukutani, yakiwa mbele ni hewa ya chumba. Yangu yalikuwa nyuma, na kuanzia sakafuni mpaka magotini plasta ilitoa unga mweupe wa chumvi. Kuchimba pale msingini nikakuta karatasi ya dampu, ile ya kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani, haikuwekwa kabisa, na udongo wa nje umerundikwa kupita usawa wa sakafu. Iliniuma sana, hela yote ile ya foamu.

Nikashusha udongo, nikachimba mtaro nikajaza kokoto, nikaweka gata, nikabandua plasta ya simenti nikapiga ya chokaa na mchanga maana hiyo inaruhusu ukuta kukauka, halafu nikauacha wazi kiangazi chote Juni mpaka Agosti. Foamu sikuirudisha ukutani, niliitandaza juu ya silingi mbali na waya za umeme, joto lingi lilikuwa linapotelea kwenye mabati. Na sigiri, yaani jiko la mkaa, tafadhali msilale nayo ndani, moshi wake usioonekana unaua.

Ukishapima niambie matone yamekaa upande gani, na kama ukuta huo ndio unaopigwa na mvua.