Orodha ya maombezi ikizidi urefu

Dada wa Likoni, umeuliza kama kuna faida kusoma majina 40 ya watu unaowaombea mbio mbio kila asubuhi. Faida ipo, ila mpangilio ndio umekushinda. Yagawe kwa siku saba, majina matano au sita kwa siku. Muda wa kungoja kwenye foleni ya feri watosha kabisa kuyaombea. Kando ya kila jina andika ombi moja na tarehe. "Mbariki Mama Fulani" ni ombi ambalo hutajua limejibiwa lini. Omba kama Paulo katika Wakolosai 1:9–11: unayemwombea ajue mapenzi ya Mungu, apate nguvu za kuvumilia.

Wala usivunjike moyo mapema. Katika Luka 22:32 Yesu alimwombea Petro imani yake isitindike, yaani isiishe. Petro alimkana usiku uleule, lakini alirudi. Hakuombewa asijikwae, aliombewa asipotelee huko.

Kinachoharibu maombezi zaidi (na pwani hii twajuana) ni umbea: "Tumwombee fulani, ndoa yake inayumba." Kabla ya kupeleka jambo la mtu kwenye ushirika au kundi la WhatsApp, muulize kwanza. Akikataa, mwombee peke yako; Mungu hahitaji kuelezwa na watu thelathini.