Mtoto wa Malindi na mpira wa magongo wa barafuni

Dada yangu, nimekuelewa: mwanao wa miaka kumi anateleza vizuri kwa viatu vya magurudumu hapo Malindi, na sasa anataka kushindana katika mpira wa magongo wa barafuni. Barafu yenyewe iko Nairobi, katika hoteli ya Panari, ambako timu ya Ice Lions ilianza mwaka 2016, nao uwanja huo ni mdogo kuliko ule wa kimataifa wenye urefu wa mita 60. Kwa hivyo usimhamishie shule ya Nairobi kwanza. Mpeleke wakati wa likizo, baada ya kupiga simu kuulizia siku za mazoezi ya watoto. Nyumbani aendelee na magurudumu, hasa ya mstari mmoja, kwa kuwa namna ya kusukuma mguu na kuhamisha uzito inafanana, ingawa kusimama ghafla atajifunza barafuni tu.

Usimnunulie viatu vikubwa ili avikulie, kama tufanyavyo kwa vya shule, kwani kisigino kikicheza ndani kifundo hukosa mhimili. Akigonga kichwa kisha akatapika au akachanganyikiwa, atolewe mchezoni papo hapo na aonwe na daktari. Na akitokea wakala anayedai ada ili ampatie nafasi Kanada, usitoe hata shilingi kabla ya kuzungumza na makocha wa Nairobi.