Filamu bubu ya kusikitisha: nilivyoangalia hukumu ya Jeanne d'Arc na shangazi yangu

Mkuu, umeuliza kama kuna mtu humu amewahi kumaliza filamu bubu isiyo ya kuchekesha, kwa sababu wewe unazijua zile za Charlie Chaplin tu, na hii ya Jeanne d'Arc, yule msichana Mfaransa aliyesema ametumwa na Mungu kuongoza vita dhidi ya Waingereza, akaishia kuchomwa moto, uliyoshauriwa uliizima njiani. Hata mimi mara ya kwanza niliizima. Sikufika dakika ya ishirini.

Nimekulia Tanga, na filamu nilizizoea kwenye vibanda umiza, ambako mtafsiri haachi kuongea. Mtu akifungua mlango, anakwambia anafungua mlango. Ukitoka huko ukakutana na filamu ya mwaka 1928 ambayo wazee waliokunja nyuso wanamhoji msichana, maneno unayasoma kwenye vibao vinavyopita, unahisi umeachwa peke yako. Kilichonirudisha ni kujua namna ilivyotengenezwa.

Muongozaji alikuwa Mdenmaki, Carl Theodor Dreyer, aliyealikwa Ufaransa na kampuni iliyompa pesa nyingi. Hakutaka vita, farasi wala mapanga. Alichukua kumbukumbu za kesi yenyewe ya mwaka 1431, kule mji wa Rouen, Ufaransa, maswali na majibu yaliyoandikwa na makarani wa mahakama, akaibana kesi ya miezi ionekane kama ya siku moja. Filamu inaitwa La Passion de Jeanne d'Arc, yaani Mateso ya Jeanne d'Arc. Ngome nzima ilijengwa nje ya Paris, kuta zake zikapakwa rangi ya waridi ili kwenye picha nyeusi na nyeupe zitoke kijivu na kutofautiana na anga. Halafu sehemu kubwa ya ngome hiyo huioni! Unaona nyuso. Waliotoa pesa walilalamika, na naelewa kwa nini, lakini naamini Dreyer alikuwa sahihi. Ukuta ule uliwafanya waigizaji wajue wako gerezani, hata kama kamera haiuonyeshi.

Kuhusu nyuso, kuna jambo la kiufundi ambalo kwangu ndilo ufunguo. Tepe za kupigia picha za zamani zaidi hazikuiona rangi nyekundu vizuri, ngozi ilitoka na madoa meusi, ndiyo maana waigizaji walipakwa poda nzito. Wakati huo ilikuwa imeingia aina mpya ya tepe iliyosoma rangi zote, na Dreyer akaitumia kwa kuwakataza waigizaji vipodozi kabisa. Mpiga picha, Rudolph Maté, akasogea karibu mpaka unaona vinyweleo, chunjua kwenye shavu la hakimu, midomo iliyopasuka. Kuna mahali inzi anatua usoni kwa Jeanne. Mwingine angerudia kupiga picha hiyo. Wao wakamwacha.

Jeanne aliigizwa na Renée Falconetti, mwanamke wa jukwaani, ambaye hakucheza filamu nyingine baada ya hiyo. Nywele anazonyolewa mle ndani ni zake kweli.

Sasa mapokezi. Kabla hata haijaonyeshwa, wapo Wafaransa waliochukia shujaa wao kukabidhiwa mgeni asiye Mkatoliki. Jeanne alikuwa ametangazwa mtakatifu mwaka 1920, jambo lilikuwa bado bichi. Ikaonyeshwa kwanza Copenhagen, Aprili 1928. Ilipofika Paris ilikuwa imekatwakatwa kwa shinikizo la kanisa na wakaguzi, Dreyer hakushirikishwa. Uingereza waliipiga marufuku kwa jinsi askari wao wanavyomdhihaki msichana yule. Waandishi wengi waliisifu, lakini pesa haikurudi.

Halafu moto. Desemba mwaka huohuo negativu ya asili, yaani ule utepe mkuu unaotolewa nakala zote, iliungua Berlin. Dreyer akaokoteza vipande alivyokuwa ameviacha pembeni, picha za marudio, akaiunga filamu upya kutoka mwanzo hadi mwisho. Nayo ikaungua. Kwa miaka mingi watu waliangalia nakala mbovu, na Dreyer akafariki mwaka 1968 akiamini toleo la kwanza la filamu hiyo limepotea. Mwaka 1981, katika kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili nje ya Oslo, yakakutwa makopo ya filamu. Ilikuwa yenyewe, haijakatwa. Hiyo ndiyo tunayoiangalia leo, na kila nikikumbuka kwamba mwenye kazi hakuwahi kujua, roho inaniuma.

Mara ya pili sikuangalia peke yangu. Shangazi yangu alikuwa kwetu, katikati ya matibabu ya saratani, nywele zimeisha, hatoki chumbani bila mtandio. Usiku umeme uliporudi nikafungua kompyuta, nikakaa pembeni yake kumsomea vibao kwa Kiswahili. Baada ya muda akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nyamaza, namuona." Nikanyamaza. Nikazima na muziki uliowekwa juu ya filamu.

Tukafika pale ambapo Jeanne ameshasaini karatasi ya kukana kwamba alitumwa na Mungu, ili asichomwe moto, na mtu anamnyoa. Machozi yanashuka, mkasi unapita. Kisha anakuja mwenye ufagio, anafagia nywele sakafuni, na pamoja nazo kitaji cha nyasi ambacho Jeanne alikisuka mwenyewe gerezani. Anakitazama kinavyokwenda na takataka. Hapo anaita mahakimu warudi, anafuta kukana kwake, akijua maana yake ni moto.

Moto wenyewe na ghasia za mwisho vimepigwa kwa ustadi mkubwa, ila mimi naona filamu haipandi tena juu ya ufagio ule.

Kwa hiyo mkuu, usianze nayo mchana huku simu inaita. Subiri usiku, zima sauti kabisa, na usome vibao harakaharaka ili macho yarudi usoni mwake. Tafuta nakala inayotokana na ile ya Oslo.

Shangazi, ilipoisha, hakusema kitu kwa muda. Akavua mtandio, akauweka mapajani, akaniambia nirudishe pale pa ufagio. Nikarudisha. Tukaangalia tena.