Umeajiriwa na kanisa Marekani? Bima haikufuati, ifuate

Dada mmoja kaniandikia. Ameanza kazi katika ofisi ya kanisa huku Marekani, akauliza habari za bima ya afya, akajibiwa "itakuja tu, tumtumainie Mungu." Dada yangu, haiji. Hilo jibu nalijua vizuri.

Mke wangu alipojifungua nilikwenda kwa mtunza hazina wetu nimwongeze mtoto kwenye bima. Akaniambia nisubiri msimu wa kujiandikisha, mwisho wa mwaka. Alisema kwa upole kabisa, kama anayenibariki. Bahati nzuri kile kijitabu cha bima nilikuwa nimekisoma chote (wenzangu walikuwa wakinicheka). Sheria inakupa angalau siku 30 tangu mtoto azaliwe, na ukiwahi, bima yake huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa. Nikamwekea kijitabu mezani, ukurasa wenyewe. Akasaini bila kuniangalia. Mpaka leo salamu zetu ni za kutimiza wajibu, na bili ya hospitali ililipwa na bima.

Kwa hiyo uliza mapema: unatakiwa kufanya kazi saa ngapi kwa wiki ndipo uandikishwe? Watu hukimbilia kusema 30. Kipimo hicho kiko katika sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 (wengi huiita Obamacare), ila kinawabana waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi, na makanisa mengi hayafiki hapo. Soma masharti ya bima yenu. Ukishastahili, kusubiri kusizidi siku 90. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwe tayari.

Kama unaikataa bima ya kanisa kwa sababu uko kwenye bima ya mwenzi wako, andika sababu hiyo kwenye fomu. Ile nyingine ikikatika una siku 30 za kuingia. Ikiwa ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, 60.

Nyinyi mnaofanya kazi ya Mungu, acheni kuona haya kuuliza. Kuuliza si kukosa imani! Kichwa kikiuma, mtaulizwa kadi ya bima, hamtaulizwa iwapo mnaimba kwaya.

Na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshatoka: COBRA, sheria inayomruhusu aliyeacha kazi kuendelea na bima kwa kujilipia, haizigusi bima za makanisa. Baadhi huweka utaratibu wao wa hiari. Ulizia kabla ya kupeleka barua ya kuacha kazi, na jibu ulipate kwa maandishi.